Laptopu Inapoachana na Waifai: Tuhakikishe Kabla ya Kulaumu



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), juma hili twapenda kuizungumzia adha iliyoingia majumbani mwetu kimyakimya: laptopu inayoshika waifai kisha ikaiachia, ikaishika tena na kuiachia tena. Kijana yumo katikati ya kazi yake ya chuo, ukurasa unasimama. Mama anawajibu wateja wake wa mabuibui, ujumbe hauondoki. Binti anasomeshwa Qur'ani na ustadhati aliye mji mwingine, aya inamkatikia kinywani. Baba aliye Ghuba kwa kazi anapiga simu ya video baada ya Isha, na uso wake unaganda kwenye kioo kabla hajamaliza kuwasalimu wanawe.

Adha hii ni ndogo ikitazamwa peke yake. Kinachotutia hofu ni yale yanayoifuata pale tunapokosa subira. Kuna nyumba zilizonuniana na jirani kwa kumdhania kuwa ndiye anayeila intaneti yao. Kuna waliotupa ruta nzima na kununua mpya, na tatizo likabaki pale pale. Na kubwa kuliko yote, kuna laptopu zinazobebwa mbiombio hadi dukani kwa fundi zikiwa na picha zote za harusi, za kina mama na mabinti wakiwa ndani ya nyumba zao bila ya hijabu, zikaachwa huko siku tatu mikononi mwa watu tusiowajua. Fedha huenda, na pengine sitara nayo huenda, kwa hitilafu ambayo ingeweza kutambuliwa nyumbani kwa muda wa saa moja.

Katika Suratul Hujurat, aya ya 6, waumini wameamrishwa kuihakikisha habari kabla ya kuitendea kazi, wasije wakawadhuru watu kwa kutojua kisha wakajuta. Katika sura hiyo hiyo, aya ya 12, tumekatazwa dhana nyingi, kwani baadhi yake ni dhambi. Mafunzo hayo yanatufaa hata katika jambo kama hili. Basi kabla ya kumlaumu jirani, kampuni au kifaa, na tuhakikishe.

Safari ya hatua mbili

Wengi wetu hutumia neno waifai kwa maana ya intaneti yote, na hapo ndipo tunapoanza kupotea. Intaneti hutufikia kwa hatua mbili. Ya kwanza ni kutoka nje hadi kwenye ruta, kile kisanduku chenye taa kilichopo sebuleni. Hatua hii hupitia waya wa faiba au minara ya simu. Ya pili ni kutoka kwenye ruta hadi kwenye laptopu, kwa mawimbi yanayopita hewani. Hii ya pili peke yake ndiyo waifai.

Mfano wake ni maji. Mfereji wa jikoni usipotoa maji, huwezi kujua kwa kuutazama tu kama tangi la juu ni tupu au koki yenyewe imeziba. Anayekimbilia kubadilisha koki ilhali tangi ni tupu amepoteza fedha zake. Vivyo hivyo, laptopu inaweza kuwa imeshikana na ruta barabara, lakini ruta yenyewe haipati chochote kutoka nje.

Tena kukatika huko kwaweza kuwa mbali mno na nyumba zetu. Sehemu kubwa ya intaneti ya Kenya huja kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari na kutua hapa hapa Mombasa. Waya wa TEAMS, unaotoka Fujairah katika Falme za Kiarabu, ulifika kwetu mwaka 2009, na wa SEACOM ulianza kazi mwaka huo huo. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika upande wa kusini, na intaneti ikalegea katika nchi nyingi za Afrika Mashariki. Siku hiyo hapakuwa na fundi wa Mombasa, Malindi wala Lamu ambaye angeiponya laptopu ya mtu, kwa sababu laptopu haikuwa mgonjwa.

Majaribio matatu

Namna ya kujua palipokatika ni rahisi, na mtoto wa darasa la saba aweza kuifanya.

Jaribio la kwanza ni la simu. Tuchukue simu iliyounganishwa na waifai ile ile, lakini kwanza tuzime data ya simu. Hili ni sharti, kwa kuwa simu hupenda kuhamia kwenye bando lake yenyewe kwa siri pindi waifai inapolegea, ikatuhadaa kuwa mambo ni shwari. Laptopu inapokatika, papo hapo tufungue ukurasa wowote kwenye simu. Simu ikiendelea vizuri, basi intaneti ya nje ni nzima na ruta nayo yaelekea ni nzima. Hitilafu iko kwenye laptopu au mahali ilipowekwa. Simu nayo ikikwama, laptopu haina makosa: tuitazame ruta na kilicho nyuma yake. Kwenye visanduku vingi vya faiba kuna taa iliyoandikwa “LOS”. Ikiwaka nyekundu, maana yake ni kuwa mwanga wa faiba haufiki kwenye kisanduku. Hilo ni la kampuni, na ndilo la kuwaeleza tunapowapigia simu. Mteja anayesema “taa ya LOS ni nyekundu tangu saa mbili usiku” husaidiwa upesi kuliko anayesema “intaneti yenu ni mbovu”.

Jaribio la pili ni la mahali. Tuihamishe laptopu hadi chumba kile kile chenye ruta, hatua mbili tatu hivi, tuitumie hapo kwa muda wa saa moja. Isipokatika hapo na ikakatika chumbani, ugonjwa ni wa umbali na kuta. Ikikatika hata hapo, ilhali simu yaendelea, tuishuku laptopu yenyewe.

Jaribio la tatu ni la waya. Ruta nyingi zina matundu ya kuchomeka waya wa mtandao, na laptopu nyingi za miaka ya nyuma zina tundu kama hilo ubavuni. Tuziunganishe. Kwa waya ikatulia na kwa hewa ikakatika, basi tumeshajua kwa yakini kuwa tatizo ni la waifai. Ikikatika hata kwa waya, mawimbi hayana hatia.

Kwa wenye laptopu za Windows kuna shahidi mwingine asiyesahau. Tubofye kitufe cha kutafutia programu, tuandike cmd, kisha tubofye kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua “Run as administrator”. Katika dirisha jeusi litakalofunguka tuandike: netsh wlan show wlanreport. Kompyuta itatuandalia ripoti ya siku tatu zilizopita na kutuonyesha ilipoihifadhi. Humo mtaonekana kila saa ambayo waifai ilishikana na kila saa ilipoachana, na mara nyingi sababu yake pia. Tulinganishe saa hizo na mambo ya nyumbani. Ikiwa kila siku hukatika wakati wa kupasha chakula cha mchana, tutakuwa tumemwona mhalifu.

Kuta za mawe, vitambaa na maikrowevu

Nyumba zetu za pwani zina uzuri wake, lakini mawimbi huziona kwa jicho jingine. Kuta za mawe ya matumbawe katika Mji wa Kale wa Mombasa na kule Lamu ni nene, zilijengwa kuzuia joto, na huzuia waifai pia. Makabati ya chuma, vioo vikubwa na paa za mabati navyo huyarudisha mawimbi yalikotoka.

Ruta nyingi za sasa hutoa masafa mawili. La gigahezi 2.4 hufika mbali na hupenya kuta kwa nafuu zaidi, lakini lina msongamano. La gigahezi 5 ni la kasi, lakini hudhoofika haraka likikutana na ukuta. Laptopu iliyo chumba cha tatu ikilazimisha kushika gigahezi 5 itashika na kuachia mchana kutwa. Dawa yake ni kuingia kwenye mipangilio ya ruta na kuyapa masafa hayo majina mawili tofauti, ili laptopu ya chumbani ishike 2.4 na ya sebuleni ishike 5.

Nalo lile la 2.4 lina maadui zake. Tanuri la maikrowevu hutumia masafa yaliyo karibu na hayo hayo, hivyo likiwashwa huweza kuvuruga waifai kwa dakika chache. Diski za nje za yuesibi zenye kasi huweza kufanya hivyo zikichomekwa kwenye laptopu. Na katika majumba ya ghorofa ambamo kila mlango una ruta yake, ruta zote hugombania njia chache. Katika masafa hayo, njia tatu tu ndizo zisizoingiliana: chaneli ya 1, ya 6 na ya 11. Ikiwa ruta yetu na za majirani zote ziko kwenye ya 6, tuihamishe yetu hadi ya 1 au ya 11. Na hapa tutanabahi: jirani huyo hajatuibia chochote. Ni sauti tu zimegongana, kama watu kumi wanaozungumza katika chumba kimoja.

Mahali pa kuiweka ruta nako kuna hekima yake. Tuiweke juu, katikati ya nyumba, mahali pa wazi. Tusiifiche ndani ya kabati wala nyuma ya televisheni. Na kile kitambaa kizuri cha kufuma tulichoifunika ili isiingie vumbi, tukiondoe, kwani ruta huhitaji kupumua. Katika joto letu la Januari na Februari, ruta iliyofunikwa hupata moto ikaanza kujizima na kujiwasha. Tukiona taa zake zote zimezimika kisha zikawaka moja baada ya nyingine, tutazame pia chaja yake na soketi. Umeme ukitetereka kidogo tu, taa za nyumbani zaweza zisionyeshe, lakini ruta huanza upya na kutuacha dakika kadhaa bila mtandao. Betri ndogo ya kuihifadhi ruta wakati huo ni matumizi yenye faida.

Laptopu ikiwa ndiyo mgonjwa

Tukisharidhika kuwa tatizo ni la laptopu, tuanze na yaliyo mepesi.

La kwanza, tuisahaulishe mtandao. Katika orodha ya mitandao iliyohifadhiwa tuchague jina la waifai yetu, tubofye “Forget”, kisha tuunganishe upya kwa neno la siri. Pamoja na hilo, tufute mitandao ya zamani tusiyoitumia, ukiwamo ule wa simu ya kaka au mjomba aliyetugawia bando siku moja. Laptopu nyingine hurukaruka baina ya mtandao wa nyumbani na wa simu iliyo karibu, nasi tukadhani imeharibika.

La pili, tuitazame tabia ya kubana umeme. Ikiwa laptopu hutulia ikiwa kwenye chaja na hukatika ikiwa kwenye betri, dalili ndiyo hiyo: kompyuta huizima kadi ya waifai ili kuokoa nguvu. Tufungue “Device Manager”, tushuke hadi “Network adapters”, tubofye mara mbili jina lenye neno “Wireless” au “Wi-Fi”, kisha tuingie “Power Management” na kuondoa alama kwenye ruhusa ya kompyuta kuzima kifaa hicho. Laptopu nyingine mpya hazina ukurasa huo. Hizo tuzitafutie mpangilio wa kubana betri na kuulegeza.

La tatu ni draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na kadi yake. Ikiwa matatizo yalianza baada ya Windows kujisasisha, ukurasa ule ule wa kadi una sehemu ya “Driver”, na humo mna “Roll Back Driver” ya kurejesha ile ya awali. Ikiwa draiva ni ya zamani mno, tuichukue mpya kutoka kwa mtengenezaji wa laptopu yenyewe, wala si kwa tovuti yoyote iliyotokea mbele yetu ikiahidi kuharakisha kompyuta.

La nne ni “Network reset”, iliyoko ndani ya mipangilio ya mtandao. Hii hufuta mitandao yote iliyohifadhiwa na kuanza upya. Haigusi picha wala kazi zetu. Lakini tahadhari, tena tahadhari kubwa: isichanganywe na “Reset this PC”, ambayo huirudisha kompyuta nzima katika hali ya mwanzo na yaweza kufuta kila kitu. Majina yanafanana, na matokeo ni mbingu na ardhi. Watoto waelezwe tofauti hiyo kabla hawajashika usukani.

La tano, tuutazame mwili wa laptopu. Katika laptopu nyingi, antena za waifai zimo ndani ya kifuniko, pembeni mwa kioo, na nyaya zake hupitia kwenye bawaba. Ikiwa mtandao hukatika tunapokifungua au kukiegemeza kioo, yumkini waya umelegea au umechubuka. Hewa yetu ya chumvi nayo huchangia kutu kwenye viungo vidogo. Hapo programu hazitasaidia. Hata hivyo, tunaweza kununua adapta ndogo ya waifai ya kuchomeka kwenye yuesibi. Mtandao ukitulia kwa adapta hiyo, tumejua kuwa kadi ya ndani au antena yake ndiyo mbovu, na pengine hatutakuwa na haja ya kuifungua laptopu kabisa.

Tukilazimika kwa fundi

Mafundi wengi ni waaminifu, na kazi yao ni ya halali yenye kuheshimiwa. Lakini amana hulindwa na pande mbili, nasi upande wetu tuutimize.

Kadi ya waifai hurekebishwa bila ya kufungua picha hata moja. Kwa hiyo, kabla laptopu haijatoka nyumbani, tuhamishe picha, video na hati zetu kwenye diski ya nje, na diski hiyo ibaki nyumbani. Tutambue kuwa kufuta si kuangamiza: kilichofutwa chaweza kurejeshwa na mwenye ujuzi. Basi picha za siri za familia ni heri zisikae kwenye laptopu inayotoka toka, tangu mwanzo. Tujiondoe kwenye barua pepe, kwenye WhatsApp iliyofunguliwa katika kompyuta, na kwenye maneno ya siri yaliyohifadhiwa ndani ya kivinjari. Wengine humfungulia fundi akaunti yake ndani ya kompyuta. Ni vizuri, lakini akipewa mamlaka ya msimamizi anaweza kufikia za wengine, hivyo kuhamisha ndiko kwenye salama.

Tumpelekee fundi matokeo ya majaribio yetu: “Simu haikatiki, kwa waya haikatiki, ikiwa karibu na ruta inakatika.” Maneno hayo machache humpunguzia kazi, nasi hutupunguzia gharama. Ikiwezekana, kaka, baba au mume asubiri pale pale hadi kazi iishe, au mama aende na mtu wake. Kikibadilishwa kipande, tuombe kile cha zamani.

Na kwa jirani

Majaribio yakituonyesha kuwa ruta imeelemewa na watumiaji tusiowajua, tubadilishe neno la siri na tuchague ulinzi wa WPA2 au WPA3, bila ya kelele na bila ya kumtaja mtu kibarazani. Pengine ni mtoto wetu wenyewe aliyewagawia marafiki zake. Na ikiwa sisi ndio tunaotumia waifai ya jirani, iwe ni kwa idhini ya mwenye kuilipia. Tuliyoamrishwa kubisha hodi kabla ya kuingia nyumba ya mtu, hatupaswi kuingia mtandao wake bila kubisha.

Wenye uwezo wa kuwafungulia majirani, hasa wanafunzi wakati wa mitihani, wana mlango wa kheri hapo. Ruta nyingi huruhusu mtandao wa wageni wenye neno lake la siri, ukatenganishwa na vifaa vya nyumbani. Jirani akasoma, na sitara ya nyumba ikabaki.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu utulivu, ayafanye haya mawasiliano yawe daraja la kuunga undugu, na atukinge na haraka na dhana mbaya. Wabillahi tawfiq.